Dereva wa Zamani na Dereva Mpya

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Laini aliishi kwa kusikiliza. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya ubao wenye matundu mia mbili, na kila tundu lilikuwa mdomo wa mtu. Daktari akitaka stoo, anachomeka waya. Stoo wakitaka jikoni, anachomoa huku anachomeka kule. Jina lake lilitokana na laini za simu wala si ulaini, maana ulaini hakujaliwa. Wauguzi waliomchelewesha kwenye laini walikuwa wakimwomba radhi kwa maandishi.

Kazi ile ilimpa kipaji kimoja. Akisikia upande mmoja wa mazungumzo, anaujua na wa pili. Mkuu wa maabara akisema kwenye simu, "Sawa, sawa, nimesema sawa," Mama Laini anajua upande wa pili ni mke wake. Mfamasia akisema, "Mwambieni nipo safarini," anajua anayemtafuta ni mama yake mzazi, na kwamba Jumapili hakwenda kumwona. Wenzake walikuwa wakimjaribu saa za chai: mmoja anaongea na simu, Mama Laini anajaza majibu kutoka hewani, kisha wanalinganisha. Hakuwahi kukosea, au tuseme hakuwahi kukiri. Na siri hakutoa hata moja. "Sikio la kazini halina mdomo," alikuwa akisema, na msemo huo aliutunga mwenyewe.

Alipostaafu, ubao uling'olewa, mahali pake wakaweka sauti ya mwanamke wa kwenye mashine anayesema bonyeza moja, bonyeza mbili. Mama Laini alimpigia siku moja, akamsikiliza mpaka mwisho, akakata simu. "Hajui kazi," akasema, na hospitali ile hakuipigia tena.

Sikio likabaki halina ajira. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Mama Laini lilikuwa zima mno, lilisikia hata dawa walizoandikiwa majirani.

Mwaka huo mabati ya nyumba yake yalikuwa yakibadilishwa, kwa hiyo akahamia kwa mwanawe kwa wiki tatu. Mwanawe alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu mpole, mnene kiasi, anayetoka alfajiri na kurudi saa kumi akiwa mweupe nyusi mpaka viatu. Mke wake alikuwa mchoraji wa majiko. Mama Laini alipopewa habari hiyo mara ya kwanza, miaka tisa nyuma, aliwaambia majirani kwamba mkwe wake anapaka majiko rangi. Kumbe kazi ya yule dada ilikuwa kuchora chumba kizima cha jikoni kwenye kompyuta, kwa niaba ya karakana ya makabati, ili mteja aone sinki lake, rafu zake na taa zake kabla fundi hajagusa ubao. Kazi hiyo aliifanyia sebuleni, kwenye meza iliyosukumwa ukutani.

Kompyuta yake mpakato ilikuwa nyembamba kama sinia. Kwa kuandika barua ilitosha, ila ukiiambia ikuonyeshe jiko lenye vigae vinavyong'aa na mwanga unaoingia dirishani, inavuma, inapata joto, kisha inaganda, mteja anabaki anatazama nusu ya kabati. Kwa hiyo mkwe akanunua kasha. Lilikuwa jeusi, ukubwa wa mikate miwili ya boflo, lina feni ubavuni, na ndani yake kuna kadi ya picha nene kama tofali. Kazi ya kasha ni kuibebea kompyuta mzigo wa picha. Unalichomeka kwenye umeme, unaliunganisha na kompyuta kwa waya mmoja mfupi, na skrini kubwa unaichomeka kwenye kasha lenyewe. Jumapili alipoliwasha mara ya kwanza, jiko lilitokea likameremeta hata mume akauliza kama mle ndani kuna chakula.

Jumatatu likagoma.

Lilikuwa linaamka, feni inazunguka, picha inatokea, halafu baada ya dakika mbili skrini inakuwa nyeusi tii. Mkwe akajaribu yote. Akazima kasha kwanza, kisha kompyuta. Akazima kompyuta kwanza, kisha kasha. Akalifungua, akaichomoa ile kadi na kuirudisha mpaka ikalia tak. Akasoma mtandaoni walikokusanyika watu wenye shida kama yake, kurasa kumi na nne za malalamiko, na ya mwisho kabisa mtu mmoja ameandika, "Nimeshapata suluhisho, asanteni," bila kusema suluhisho ni lipi. Mkwe alimfikiria mtu yule siku nzima, na hakumfikiria kwa wema.

Jumatano saa tisa mchana, akampigia fundi.

Hapa sharti tumtambulishe fundi huyo, maana Mama Laini hakumjua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Watu walimwita Sanifu. Kabla ya kufungua duka la kutengeneza kompyuta alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, na ualimu ulimtoka mfukoni tu, kichwani ulibaki. Hakuvumilia neno la kigeni likikaa palipo na neno la nyumbani. Kwake hapakuwa na paswadi, palikuwa na nywila. Kompyuta aliiita ngamizi mpaka wateja wakaanza kukimbia, ndipo akalegeza kamba kidogo. Na ile programu inayoendesha kadi ya picha ndani ya kompyuta, ambayo isipoelewana na kadi hakuna picha, yeye aliiita dereva. Tena hakusema "hiyo dereva". Dereva ni ngeli ya kwanza, alisema, dereva ni a na wa: dereva amegoma, madereva wamegoma. Mteja akisema "dereva imegoma," Sanifu anamrekebisha kwanza, kompyuta baadaye. Wateja wake walizoea, mkwe akiwa mmojawapo.

Mama Laini alikuwa jikoni anachambua maharage. Mlango ulikuwa wazi.

"Ndiyo, fundi," alimsikia mkwe akisema. "Bado nina yule dereva wa zamani."

Kidole cha Mama Laini kikasimama juu ya harage.

"Ni yule yule niliyeanza naye. Hapana, hafai tena. Anaamka, anajaribu dakika mbili, halafu analala. Nimemwacha apumzike, nikamwamsha tena, hakuna kitu." Kimya kidogo. "Kwa hiyo nimwondoe? Kabisa kabisa? Asibakie hata alama."

Mama Laini akaweka ungo chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Na huyo mpya yuko tayari? Ana nguvu kuliko huyu? Basi afadhali. Lakini hawawezi kukaa wote wawili kwa muda, nikaona nani anafaa?" Kimya. Mkwe akacheka. "Eti watagombana. Haya, nimekuelewa. Kesho saa nne, nyumba ikiwa imetulia. Asubuhi namwondoa wa zamani, wewe unakuja na mpya. Hapana, hakuna mtu mwingine. Yupo mama mkwe tu, na yeye hana neno."

Mama Laini hakuhitaji kuambiwa upande wa pili ulisema nini. Alishaujaza wote, nukta kwa nukta, sauti ya mwanamume mtulivu anayeoga mara mbili kwa siku. Mwanawe, dereva, mtoto wa tumbo lake, anaondolewa kama gunia lililotoboka. Na kosa lake ni kulala.

Lililomsumbua zaidi ni ile sheria yake. Sikio la kazini halina mdomo. Akazunguka na jambo hilo jikoni, akalipima huku na huku, mpaka akaona upenyo: sheria ilikuwa ya kazini, na yeye amestaafu. Akachukua simu yake, akatoka uani, akampigia kaka yake mkubwa.

Kaka yake alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na mwanawe Mama Laini alimwita Mjomba, kwa hiyo nyumba nzima walimwita Mjomba. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama kikao.

"Kaka," Mama Laini akasema, "njoo kesho kabla ya saa nne. Uje na kalamu."

"Kuna nini, dada?"

"Siwezi kusema kwenye simu. Simu zinasikilizwa."

Mjomba hakuuliza tena. Mtu akimwambia aje na kalamu, yeye alikuwa anakuja na mbili.

Jioni ile, mezani, Mama Laini alimtazama mwanawe anavyokula. Alikula kwa raha, hana habari, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye simu yake. Mama Laini akaivuta sahani ya mwanawe, akamsogezea ya mkewe, na ya mwanawe akampa mke.

"Mama, mbona umebadilisha?" mkwe akauliza.

"Hiyo ina ua," Mama Laini akajibu. "Ua linakupendeza wewe."

Mkwe akatazama sahani. Kweli ilikuwa na ua. Akashukuru.

"Mwanangu," Mama Laini akaendelea, "kazini unalala?"

"Silali, mama. Naendesha."

"Na ukiamka, unakaa macho muda gani?"

Mwanawe akafikiri kwa uaminifu. "Mpaka nitakapolala."

"Inazidi dakika mbili?"

"Mama, unaumwa?"

"Mimi siumwi. Ongeza yai." Akamwekea yai la pili, na la tatu, akamkazia macho mpaka yakaisha. "Kesho usiende na lori."

"Mama, kuna watu wanasubiri saruji."

"Saruji haigandi ikiwa kavu. Saa nne kamili uwe hapa. Nina kifua." Akakohoa mara mbili, kikohozi cha mtu aliyefanya kazi hospitali na kuvisikia vyote, akachagua kizuri. Mwanawe akakubali kupitia nyumbani saa nne akiwa njiani kwenda kushusha mzigo.

Siku ya pili Mjomba alifika saa tatu na nusu, koti limefungwa vifungo vyote, faili kwapani. Mama Laini akamnong'oneza habari yote mlangoni. Mjomba akasikiliza bila kupepesa, akauliza swali moja tu: je, mtuhumiwa wa pili atahudhuria. Alipoambiwa atakuja mwenyewe kwa miguu yake, uso wake uling'aa, kwa sababu mahakamani jambo hilo lilikuwa adimu. Akachagua kiti kikubwa, akavuta kigoda kifupi akakiweka mbele yake.

Mkwe alikuwa uani anaanika nguo mlango ulipogongwa. Mama Laini akafungua. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, kibegi begani, ananukia sabuni. Mama Laini akajipongeza kimoyomoyo: anaoga mara mbili kwa siku.

"Shikamoo, mama," Sanifu akasema. "Nimekuja kwa ajili ya dereva mpya. Yule wa zamani ameshaondoka?"

"Marahaba," Mama Laini akasema, na meno yakabaki yameumana. "Bado. Yuko njiani. Ingia ukae."

Sanifu akaingia, akaoneshwa kigoda, akakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Mjomba akafungua faili. Mkwe akaingia mikono imelowa, akamkuta fundi wake amekunjwa chini kama kiti cha safari, na Mjomba anaandika tarehe. Kabla hajasalimia, lori likanguruma nje, na mumewe akaingia na buti zake, mweupe mwili mzima kama aliyetoka kwenye pipa la unga.

"Mama, kifua kinaendeleaje?"

"Kinangoja," Mama Laini akasema. "Kaa."

"Kikao kimefunguliwa saa nne na dakika saba," Mjomba akasema. Akamgeukia mkwe. "Mwanangu, nakuuliza, na ujibu kwa utulivu. Ni kweli jana mchana ulizungumza na bwana huyu kwa simu kuhusu kumwondoa dereva?"

"Ni kweli, Mjomba," mkwe akasema, akishangaa tangu lini ukoo unafuatilia kazi yake kwa karibu hivi.

"Amekiri," Mjomba akasema, akaandika.

"Amenisumbua siku tatu. Ningefanyaje?"

"Nani amekusumbua?" mumewe akauliza.

"Dereva."

"Mimi?"

"Wewe umeingiaje hapo?"

"Mimi ndiye dereva," mumewe akasema, akavua kofia, na wingu dogo la saruji likapaa.

Sanifu hakupenda kumwona mtu akijilaumu. Akanyanyua kichwa kutoka magotini, akasema kwa upole, "Kaka, usilichukulie vibaya. Dereva akishapitwa na wakati hapana aibu kumwondoa. Wala si kwamba alikuwa mbaya. Kazi imemzidi tu. Anafutwa, mashine inapumzika, mwingine anaingia, na baada ya siku mbili hakuna anayemkumbuka."

Mwenye mke alimtazama mkewe, akamtazama mgeni, akatazama lile shati lililopigwa pasi, kisha akatazama lake. Siku nyingi hakuwa amelitazama shati lake.

"Mayai matatu," akasema polepole, akimgeukia mama yake. "Ndiyo maana ya mayai."

"Mheshimiwa," Mjomba akamwambia Sanifu, ambaye hakuwa na kosa lolote ila sarufi, "kikao kinataka kujua. Huyo dereva mpya ni wewe mwenyewe?"

"Mimi?" Sanifu akasema. "Hapana. Mimi ni fundi. Dereva ninaye mfukoni."

Mjomba akaandika, kisha akasita. Kalamu ikabaki hewani. Alikuwa ameandika mengi katika maisha yake ya mahakama, lakini hilo lilikuwa geni. "Ana dereva mfukoni," akasoma kwa sauti, aone kama litaeleweka likisikika. Halikueleweka.

Sanifu akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa flashi ndogo isiyozidi ncha ya kidole gumba, akaiinua wote waone. "Huyu hapa. Ni wa mwezi uliopita. Anazielewa kadi zote za aina hii."

Mkwe ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa kwenye mkono wa kochi taratibu, akaziba mdomo kwa kiganja kilicholowa, macho yakamtoka, yakatoka kwa fundi, yakapita kwa mumewe, yakatua kwa Mama Laini, aliyekuwa bado haelewi ila ameanza kuhisi kijasho shingoni.

"Mama," mkwe akasema. "Ulisikia ile simu."

"Nilisikia upande mmoja."

"Dereva ni kitu cha kompyuta. Ni programu. Inakaa ndani ya—"

"Anakaa," Sanifu akasema.

"Anakaa ndani ya kompyuta, anaiendesha kadi ya picha."

Mumewe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, mabega tu, saruji ikidondoka kwenye zulia, halafu kicheko kikatoka chote, akalazimika kujishika kwenye mlango. Mjomba hakucheka. Alikuwa ameona kasoro ya kisheria na alitaka ifafanuliwe.

"Kama ni kitu," akamuuliza Sanifu, "kwa nini usiseme 'hiyo dereva'? Dada yangu angeelewa ni kifaa, na mimi nisingekuja."

"Dereva ni nomino ya ngeli ya a na wa, mzee wangu. Hata akiwa ndani ya mashine, upatanisho haubadiliki."

"Ungesema 'hiyo dereva' nisingetokwa jasho," Mama Laini akasema.

"Mama, ningesema 'hiyo dereva' ningekosa usingizi."

Wangeendelea hivyo mpaka adhuhuri, lakini mkwe alikuwa na mteja wa kuonyeshwa jiko saa nane, akaomba kikao kiahirishwe na fundi afanye kilichomleta. Sanifu akanyooka kutoka kwenye kigoda kwa vituo vitatu. Akamfuta dereva wa zamani, akamwingiza mpya, kompyuta ikazimika na kuwaka. Wote watano wakasimama mbele ya meza. Jiko likatokea kwenye skrini, jeupe, lina kabati za bluu na taa chini ya rafu. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dakika moja. Dakika mbili.

Skrini ikawa nyeusi tii.

"Basi si dereva," mume akasema, na mtu angedhani amefutiwa kesi.

Sanifu akakunja mikono ya shati lake. Akajaribu upya. Akalifungua kasha, akaitikisa kadi, akapuliza vumbi lisilokuwepo. Akasema maneno kadhaa ya Kiswahili fasaha ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia yakitumika. Kila mara ilikuwa ile ile: dakika mbili, giza.

Mama Laini alikuwa amesimama pembeni, amejikaza kisabuni, akitamani ardhi ipasuke, au angalau Mjomba aondoke na faili lake. Aibu ikimpata mtu hutafuta kazi ya mikono. Akainama, akaanza kuzipanga nyaya zilizokuwa zimefumana nyuma ya meza, maana fujo ya nyaya hakuwahi kuivumilia. Akaushika ule waya unaotoka kwenye kasha kwenda kwenye kompyuta, akauviringisha kati ya vidole viwili.

"Mmebadilisha waya?" akauliza.

"Waya ni ule ule uliokuja na kasha, mama," mkwe akasema.

"Sijauliza ulikuja na nini. Nauliza kama mmebadilisha. Laini ikifa, kabla hujamwita injinia unabadilisha waya. Siku ya kwanza ya kazi ndilo tulilofundishwa. Halafu huu ni mwembamba. Huu umeme wenu wote na picha zote zinapita humu?"

Mkwe akainama, akaushika. Akaukunja. Ulikunjika kama kamba ya kiatu. "Ule mwingine ulikuwa mgumu," akasema polepole. "Ulikuwa haukunjiki. Nilihangaika nao Jumapili."

Sanifu akauchomoa, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kichwa upande huu na upande ule. Ule wa kasha, alisema, una alama ndogo ya radi kwenye kichwa. Huu haukuwa na radi. Huu ulikuwa waya wa simu, au wa kitu kama simu. Vichwa vinafanana kama mapacha, lakini ndani kimoja ni barabara kuu na kingine ni uchochoro. Picha zilianza kupita, zikajazana, zikakwama.

"Sasa ule wenye radi uko wapi?" mkwe akauliza.

Hakuna aliyejibu. Ila Mama Laini, aliyezoea kusikia na kimya pia, alimgeukia mwanawe. Mwanawe alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anachunguza kofia yake kwa makini, kama ameona kofia kwa mara ya kwanza.

"Ule mfupi mnene?" akauliza.

"Ndiyo."

"Unaochaji simu haraka sana?"

"Mume wangu."

"Jumatatu alfajiri nilikuwa nimechelewa. Wangu unachaji polepole, nikauchukua huo, nikachomeka wangu mahali pake ili usikose. Vinaingia sawasawa." Akakohoa. "Uko kwenye lori."

Mjomba akaketi tena, akafungua faili alilokuwa ameshalifunga. "Iandikwe," akajisemea, "kwamba dereva amekiri."

Waya ukaletwa, umejaa saruji, Sanifu akaufuta kwa kitambaa chake cha mfukoni kilichopigwa pasi. Jiko likatokea. Dakika mbili zikapita, zikapita tano. Mkwe akaizungusha picha, mwanga ukahama kutoka dirishani ukaja sakafuni, maji yakang'aa kwenye sinki, na kasha likavuma taratibu kama mtu aliyeshiba. Sanifu alikataa kukaa tena kwenye kigoda. Alimpa Mama Laini mkono kwa heshima, akamwambia dukani kwake kuna watu watatu wenye vyeti ambao hawajawahi kuuliza swali la waya. Mume akarudi kwenye saruji yake. Mjomba akaondoka na kumbukumbu za kikao, kurasa mbili na nusu, ambazo mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kumnyang'anya.

Wakabaki wawili, jikoni, wakiosha vikombe.

"Miaka thelathini na mmoja sikuunganisha laini vibaya," Mama Laini akasema.

"Jana uliunganisha."

"Jana niliunganisha."

"Na ukamwita Mjomba."

"Nikamwita Mjomba."

Mkwe akasuuza kikombe muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Kweli uliamini, mama? Kwamba ningemfanyia hivyo?"

Mama Laini alifikiri. Uongo ungekuwa rahisi, lakini yeye na urahisi hawakuwahi kukaa nyumba moja. "Niliamini nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile niliyoisikia. Nyingine niliijaza mwenyewe. Unisamehe, mwanangu."

Mkwe alijaribu kubaki amekasirika, na alistahili. Alifika mpaka kwenye kikombe cha tatu. Kisha akakumbuka Sanifu alivyokaa kwenye kigoda, masikio kati ya magoti, akiwaeleza kuhusu mashine inayopumzika, na akalazimika kushikilia sinki asianguke. Mama Laini alimtazama akicheka, na baada ya muda, kwa tahadhari, akajiunga.

Mabati yalipokamilika, mkwe akajitolea kumchorea jiko jipya la nyumbani kwake. Waliketi pamoja mbele ya skrini alasiri mbili. Mkwe aliweka kabati za juu. Mama Laini akauliza nani atapanda huko. Akaweka meza ya katikati yenye kona za mviringo. Mama Laini akasema hajawahi kugombana na kona. Akaweka taa chini ya rafu. Mama Laini akataka kujua kama ni mchwa ndio watakaoisomea. Kimoja baada ya kingine vikafutwa, na kasha likafanya kazi yote hiyo bila kukatika, likichora na kufuta, mpaka kwenye skrini pakabaki sinki, dirisha, meza moja na kiti kimoja.

"Hapo ndipo penyewe," Mama Laini akasema.

"Niongeze kiti cha pili?"

Mama Laini akaitazama miguu mifupi ya mkwe wake.

"Ongeza," akasema. "Ila kisiwe kirefu. Miguu yako haitafika chini."